Siku Msiba Ulipotoka Nje

Watu wa Sumbawanga wakisikia kwamba kazi yangu ni kufuatilia volkano, kwanza hunitazama mimi, kisha hutazama huku na huku kama wanaotafuta mbuzi aliyepotea, halafu huuliza, "Volkano ipi sasa?" Wana haki ya kuuliza. Uwanda wetu wa Ufipa ni vilima vya nyasi, matuta ya mahindi, ulezi na upepo usiochoka. Hakuna mlima unaofuka moshi hapa. Milima ninayoifuatilia iko mbali, upande wa Mbeya. Imelala tangu zama ambazo hazimo katika kumbukumbu ya mtu yeyote, na wanaoishi juu yake hulima viazi na ndizi, wakiushukuru udongo wake mweusi bila kuuliza ulitoka wapi.

Lakini mlima uliolala si mlima uliokufa. Huwa naeleza hivi: umebandika maharage jikoni, umefunika sufuria, umekaa barazani unachambua mchicha. Huioni sufuria. Hata hivyo kifuniko kikianza kucheza, unasikia, unainuka. Kazi yetu ni kusikiliza kifuniko. Wenzangu hupima joto la chemchemi na hewa inayotoka ardhini. Mimi nashughulika na mitetemo. Sasa, mtu mwenye sikio moja anaweza kusikia anaitwa asijue anayeita yuko upande gani. Ndiyo maana hatuweki vifaa mlimani pekee. Kimoja tumekifukia huku kwetu, karibu na ukingo wa uwanda, ili tukisikia ardhi imetikisika tujue kama sauti imetoka chini ya mlima au imetoka kwingine kabisa.

Mara nyingi hutoka kwingine. Hutoka kwa ng'ombe wanaokwenda kunywa maji, kwa malori ya mahindi, kwa upepo unaotikisa mikaratusi hadi mizizini. Nyakati nyingine hutoka bondeni.

Ukisimama pale kilipo kifaa ukatazama mashariki, nchi inakatika ghafla. Huo ndio ukuta wa Lyamba lya Mfipa, na chini yake kuna bonde la Rukwa, lenye joto, mpunga na ufuta. Bonde hilo lilizaliwa kwa ardhi kupasuka na kuzama, na bado halijamaliza kuzama. Likijisogeza kidogo, kama mtu anayejigeuza kitandani, sisi wa juu huku mara nyingi hatusikii kitu. Kifaa husikia. Na wa chini, akina shangazi, husikia zaidi.

Shangazi yangu, dada wa baba, aliolewa huko bondeni, Ilemba. Ndiye aliyenilea miaka ile mama alipokuwa mgonjwa. Alinifundisha kupepeta ulezi na kunyamaza mtu mzima anaposema, na la pili halikunikaa vizuri. Mume wake tulimwita Mjomba. Alikuwa mtu mrefu mwenye kikohozi cha makusudi: akitaka kuingia mahali alikohoa kwanza, akitaka chai alikohoa, akitaka wageni waondoke alikohoa mara mbili. Nyumba yao aliijenga mwenyewe. Alifyatua tofali, akazichoma, akazipanga kwa udongo kwa sababu saruji ilikuwa ya watu wengine. Haikuwa na linta, ule mkanda wa zege unaofunga kuta juu ya madirisha. Nilipoanza kazi hii nilimwambia, naye akakohoa.

Alifariki wakati wa kiangazi, mara tu baada ya mavuno. Nilishuka bondeni kumzika.

Kwa ukoo ule, mjane hukaa chumba cha ndani, juu ya mkeka uliotandikwa mahali marehemu alipolala, na hatoki isipokuwa kwa haja, mpaka siku ya kuanua matanga. Wanawake hukaa naye, wanalala naye, wanamlisha. Wanaume hukaa nje kwenye moto. Akitoka kabla ya siku yake, husemwa kwamba amemwacha mume njiani. Siyo sheria iliyoandikwa popote, lakini sikuwahi kuona mtu akiivunja.

Siku ya pili baada ya mazishi, mchana, tulikuwa ndani tunachambua maharage. Shangazi alikuwa mkekani, kichwa kimefungwa kanga, ameegemea ukuta wa mwisho wa nyumba. Mara mabati yakalia. Sijui nieleze vipi sauti ile. Ni kama gunia la sahani linaburutwa juu ya paa. Sakafu ikasukuma, ikavuta. Vumbi likamwagika kutoka juu, na wanawake wakatoka mbio, wengine wamekumbatia watoto ambao si wao. Shangazi hakuinuka. Nikamkumbatia, nikamfunika kichwa kwa mikono yangu, tukakaa hivyo mpaka nchi ikatulia.

"Umeniwekea maharage kichwani," akasema.

Kweli, nilikuwa na ungo mkononi.

Nilipoinua macho ndipo nikauona ufa. Ulianzia pembe ya dirisha, ukapanda kwa ngazi kati ya tofali hadi kwenye gebo, ile pembetatu ya ukuta inayoshika paa. Gebo lote lilikuwa limejitenga na mbao. Niliweza kuingiza vidole vyangu, na mwanga wa nje ulipita. Na chini ya gebo lile, sawasawa, ulikuwa mkeka wa shangazi.

Nilitoka nje kumpigia simu mwenzangu ofisini. Aliangalia kumbukumbu za vifaa vyote, vya huku na vya mlimani, akaniambia nilichokuwa nakitarajia: milima imetulia kabisa, mtetemo umetoka chini ya bonde, na ardhi ikishajisogeza hivyo kwa kawaida hujisogeza tena, mara kidogo kidogo, mara moja moja kubwa, mpaka ikae sawa. Lini? Hilo hakuna chombo kinachojua.

Uani nilikuta watu wamekusanyika kwenye simu ya kijana mmoja. Kulikuwa na picha ya mlima unawaka moto, mito ya moto inashuka, na maneno kwamba volkano imeamka na Rukwa yote ihame. Mama mmoja alikwisha kufunga godoro.

"Dada, wewe si ndiye wa volkano?" kijana akaniuliza. "Tukimbilie wapi?"

"Shikamooni wote," nikasema kwanza, kwa sababu hata moto ukija wazee lazima wasalimiwe. Wakaitikia. "Picha hiyo siyo ya kwetu. Tazameni miti yake. Kuna mtu anaujua mti huo hapa?"

Wakatazama. Hakuna aliyeujua.

"Milima yenye moto iko Mbeya, na sasa hivi nimeongea na wanaoisikiliza. Imelala. Kilichotikisika ni bonde letu wenyewe. Mama, fungua godoro. Usiuogope mlima. Ogopa ukuta. Nendeni kila mmoja nyumbani kwake, mtazame kuta. Wenye nyufa pana msilale ndani kwa siku hizi. Lala kwenye turubai, lala chini ya mwembe, lala kwa jirani mwenye nyumba ya miti. Anayeua watu siyo mtetemo, ni tofali."

"Kwa hiyo nyumba ya udongo na miti ya bibi yangu ni bora kuliko yangu ya tofali?" kijana akauliza.

"Kwa wiki hii, ndiyo."

"Ah! Bibi asisikie."

Wakacheka, wakatawanyika, na nilijisikia vizuri kama mwalimu ambaye darasa limeelewa. Kisha nikarudi ndani kwa mwanafunzi wangu mgumu.

Nilikaa mkekani, nikamweleza shangazi polepole. Nilichukua tofali mbili nikazisimamisha juu ya ubao, nikautikisa ubao, moja ikaanguka. Nilimwonyesha ufa. Alifuata kila neno na kutikisa kichwa kwa ukarimu.

"Nimekuelewa, mama yangu," akasema. Ananiita hivyo kwa sababu nimerithi jina la mama yake. "Unafundisha vizuri. Lakini sitoki."

"Shangazi, ukuta huu utaanguka."

"Leo?"

"Sijui kama ni leo."

"Kesho?"

"Sijui."

"Sasa wewe mtaalamu gani? Hata mvua huwa wanataja siku."

"Daktari akikwambia moyo wako umechoka, hakutajii siku. Anakwambia usibebe gunia."

Kisha akauweka mkono wake kwenye ukuta, kama mtu anavyomshika mgonjwa kuona kama ana homa.

"Tofali hizi nilimchotea maji mimi," akasema. "Kila moja. Alikuwa akifyatua, mimi nachota. Nimwache hata matanga hayajaisha, watu waseme nilimkimbia kwa sababu ya tofali zake mwenyewe?"

Niliokota tofali zangu mbili, nikazitoa nje.

Nilimwendea mdogo wake marehemu, aliyekuwa msimamizi wa msiba, nikamsalimu, nikamweleza yote upya. Alikuwa mtu mpole. Alikuja, akautazama ufa, akaguna.

"Unasema kweli, mwanangu. Nyumba imeumia," akasema. "Lakini nikimtoa mimi, watasema ninaitaka nyumba ya kaka. Akitoka mwenyewe, watasema hakumpenda. Nifanyeje?"

Hapo nikaelewa kitu ambacho mafunzo yangu yote hayakuwa yamenipa. Nilidhani shangazi hajaiona hatari. Alikuwa ameiona vizuri kabisa. Alichokosa ni mlango. Kila mlango niliomfungulia ulikuwa na aibu imesimama nje ikimngoja. Nikakaa uani, juu ya kinu kilicholazwa. Ardhi ikaguna kidogo, mabati yakacheka, ikatulia. Ndani ya nyumba wanawake wachache waliothubutu kurudi wakaanza tena rozari kwa sauti ya haraka kuliko kawaida.

Mtani alikuwa akinitazama kutoka jikoni.

Niseme kidogo kuhusu mtani. Ukoo wa Mjomba una utani na ukoo mwingine wa hapo, tangu enzi za mababu, na msiba wa huku bila mtani haujakamilika. Mtani ana ruhusa ambayo hakuna mwingine anayo. Anaweza kumtukana marehemu, kuficha sufuria, kuzuia jeneza lisitoke mpaka apewe kuku, na yeyote anayekasirika ndiye mwenye kosa. Mtani wa msiba ule alikuwa mama mmoja mfupi, mnene, mwuza dagaa, ambaye tangu siku ya mazishi alikuwa akizunguka na kofia ya Mjomba kichwani.

"Wewe mtoto wa volkano," akaniita. "Umemweleza wifi yangu kwa Kiswahili cha shule mpaka mate yamekauka. Huo ukuta kweli utaanguka, au unatafuta cheo?"

"Utaanguka, mama. Sijui siku. Lakini ukianguka, unaangukia mkeka."

Akautazama uso wangu kwa muda, bila utani hata kidogo. Nadhani ule ulikuwa ndio mtihani wenyewe wa kazi yangu, na mtahini alikuwa na masizi mikononi. Kisha akajifuta, akaingia chumba cha pembeni.

Alitoka amevaa koti la Mjomba. Lilimfika magotini. Kofia ameishusha hadi kwenye nyusi, mkono mmoja umeshika fimbo ya marehemu. Alisimama kwenye mlango wa chumba cha mjane, akanyoosha shingo kama mtu mrefu, akakohoa.

Rozari ilikatika. Kilikuwa kikohozi chenyewe. Hata mimi nilisisimka.

"Mke wangu," mtani akasema kwa sauti nzito, "bado umo humu?"

Wanawake wakaanza kuziba midomo. Shangazi aliinua kichwa.

"Mimi nimeshatoka," mtani akaendelea. "Mlinitoa kwa mlango huu huu, tena mkanigonga bega kwenye fremu, nilisikia. Niko nje nakutafuta. Naangalia kwenye moto, haupo. Naangalia chini ya kihenge, haupo. Kumbe umekaa na ukuta! Siku zote ulisema ukuta huu umepinda, nikakukatalia. Haya, leo nakubali, umepinda. Toka."

"Muongo wewe," shangazi akasema. "Yeye asingekubali hata kufa."

"Sasa si nimekufa ndiyo nimekubali?"

Kicheko kilichotoka pale sijawahi kukisikia msibani wala harusini. Shangazi alicheka huku machozi yanateremka, akijipiga paja, akisema, "Mbwa wewe, mbwa wewe, vua koti la watu." Na wakati anacheka, mtani aliinama, akashika ncha ya mkeka, akauvuta.

"Ninabeba kitanda changu," akatangaza. "Anayebaki abaki na sakafu."

Wote tulimtazama mdogo wake marehemu aliyekuwa amesimama mlangoni. Alikuwa na mashaka usoni, kisha mashaka yakamtoka kama jasho.

"Mtani ameuchukua msiba," akasema kwa sauti ya kusikika uani. "Sisi tutafanya nini? Tuufuate."

Shangazi akainuka. Nilimshika mkono upande mmoja, mtani upande mwingine, koti likiburuzika. Alipita kizingiti bila kuinamisha kichwa. Hakuondoka kwenye msiba. Msiba ulikuwa umetangulia mbele yake, umeviringishwa kwapani mwa mwuza dagaa.

Tuliutandika mkeka upya mbali na nyumba, chini ya turubai. Wanaume wakasogeza moto. Wanawake wakaleta mablanketi, na wakaanza kubishana nani atalala upande wa upepo. Mtani alivua koti, akalikunja vizuri sana, taratibu, akamwekea shangazi mapajani.

Sasa hapa ningependa kuandika kwamba ukuta ulianguka siku ile ile. Wasomaji hupenda hivyo, na mimi pia ningependa, kwa sababu mtu anayetoa onyo hukaa akingoja kitu ambacho hatakiwi kukitamani. Haukuanguka. Ardhi iliguna siku kadhaa, kila mara kidogo kuliko mwanzo, halafu ikanyamaza. Nyumba ilisimama. Majirani waliolala nje walianza kurudi ndani, na kila aliyepita aliuangalia ukuta, kisha akaniangalia mimi.

"Mtaalamu," kijana wa simu akaniambia, "ukuta wako vipi, umeghairi?"

"Bora ughairi," nikajibu. Nilicheka, lakini ndani iliniuma kidogo. Matanga yalianuliwa pale pale chini ya turubai. Siku hiyo niliogopa zaidi kuliko siku ya mtetemo, kwa sababu sasa shangazi hakuwa na desturi ya kumzuia wala kumlinda. Alikuwa huru kurudi ndani kwenye kitanda chake, na mimi nilipaswa kupanda Sumbawanga kazini.

"Shangazi," nikamwambia, "sina la kukuonyesha. Nilisema utaanguka, haujaanguka. Lakini ufa ni ule ule."

Alikuwa anakunja turubai. Akaacha.

"Unaona aibu?" akaniuliza.

"Kidogo."

"Mimi nilikufundisha kupepeta. Ukipepeta ulezi usikute jiwe, unaona aibu?"

"Hapana."

"Basi." Akaendelea kukunja. "Nitalala jikoni. Pale ni miti na udongo. Mlete fundi kabla ya mvua, tuone huyo mzee alijenga nini."

Nilirudi na fundi mwishoni mwa kiangazi. Tulipanga ashushe gebo tofali kwa tofali, aweke linta, ajenge upya kwa saruji. Shangazi alitoa kiti, akakaa uani kutazama, amevaa kitenge chenye rangi kwa mara ya kwanza tangu msiba. Mtani naye alikuja, na beseni lake la dagaa.

Fundi alizunguka nyumba mara moja. Hakupanda ngazi. Alichukua boriti ndefu, akaegemeza ncha yake juu ya ukuta kwa nje, akasukuma kwa mkono mmoja, kama mtu anayefungua mlango wa banda la kuku.

Gebo lote lilikwenda, pamoja na ukuta wa dirisha ulio chini yake. Halikukatika vipande; lilikwenda zima, polepole, kisha haraka, likaangukia ndani kwa kishindo kilichotumwagia vumbi hata sisi tuliokuwa mbali. Kuku walipiga kelele. Fundi alibaki ameshika boriti yake hewani.

Vumbi lilipotua tuliweza kuona chumba cha ndani kupitia tundu kubwa, na sakafu yake haikuonekana tena kwa tofali.

"Kumbe," shangazi akasema hatimaye, "ulikuwa umesimama kwa heshima tu."

Mtani alitema mate pembeni, akaweka mkono kiunoni. "Mtoto wa volkano, sasa na mimi nataka cheo changu," akasema, kisha akainama kupanga dagaa waliokuwa wamepangika tayari.

Shangazi aliinuka. Aliingia kupitia tundu, taratibu, akaokota tofali moja nzima, akaipangusa kwa kitenge chake kipya, akaigeuza. Nilimfuata. Alinipa ile, akaokota nyingine.

"Nzima ziweke kule," akasema, "zilizovunjika huku. Zangu hizi. Maji yake nilichota mimi."

Tukaanza kuzipanga.